Nakala Yenye Ukingo Mweusi

Tangu baba yake azikwe, Dada Kopi hakumwamini mtu, na kufuli alikuwa anaziamini nusu nusu. Jioni akifunga duka alivuta kufuli, akaondoka, akarudi akaivuta tena. Sanduku la bati la marehemu, lililokaa chini ya kitanda cha Mama, alilifunga uzi mweusi mwembamba ambao mtu akilifungua bila kujua lazima ukatike. Uzi haukukatika hata mara moja. Hilo nalo likamkosesha raha, maana mwizi anayejua kuukwepa uzi ni mwizi wa humo humo ndani.

Cha kuchekesha ni kwamba sanduku lenyewe lilikuwa limeshaibiwa kile alichokuwa anakilinda. Majuto ni mjukuu, na Dada Kopi alikuwa analea mjukuu huyo usiku na mchana.

Jina hilo alipewa na wateja. Duka lilikuwa la kutoa fotokopi, kuchapa barua za kuomba kazi na kupiga picha ndogo za vitambulisho. Nyumba ya familia ilikuwa nyuma yake, mlango mmoja tu katikati, kiasi kwamba harufu ya vitunguu vya Mama ilikuwa inaondoka na vyeti vya watu. Marehemu aliliendesha kwa sheria mbili. Ya kwanza aliibandika ukutani kwa herufi kubwa: HATUSOMI KARATASI ZA WATEJA. Ya pili aliisema tu, tena kila mara, mpaka ikawa kama salamu ya mle ndani: "Halisi ilale, nakala itembee." Kila karatasi ya nyumbani yenye maana aliitolea nakala. Halisi ikaenda kulala kwenye sanduku, nakala ikawekwa kwenye faili la kijani juu ya kabati.

Ndiyo maana baada ya matanga Dada Kopi alipolifungua faili la kijani alikuta nakala ya wosia. Aliisoma amesimama kwenye kiti, machozi yanamtoka, hakuona kitu zaidi ya maneno. "Nyumba, duka, mashine zote mbili na makabati namwachia binti yangu, naye atamtunza mama yake hadi mwisho. Mwanangu wa kiume nilishampa chake." Sahihi ya Baba hiyo hapo, na sahihi za mashahidi wawili: fundi saa wa jirani, ambaye alitangulia kufa kabla ya Baba, na muuza magodoro mmoja aliyehama na hakuna aliyejua alihamia wapi. Akateremka mbio kwenda kwenye sanduku. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwepo, hati ya kiwanja ilikuwepo, hata risiti ya redio iliyokufa zamani ilikuwepo. Wosia haukuwepo.

Hakuhitaji kufikiri. Ni Wino.

Wino alikuwa mdogo wake, ndugu yake pekee, kitinda mimba wa Mama. Jina alilipata kwa sababu enzi za utoto wake ndiye aliyekuwa anabadilisha wino wa mashine, na alikuwa anatoka hapo mweusi mpaka puani. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mke na gari la kukodisha, na alikuwa amepata mnunuzi anayetaka kiwanja ili ajenge ghorofa. "Tuuze, tugawane, kila mtu ashike chake," alisema, matandiko ya msiba hayajakunjwa. Bila wosia mali ingekuwa ya watu watatu: mjane na watoto wawili. Wino alishasema anataka kuuza, na Mama hajawahi kumnyima Wino kitu. Kwa hesabu hiyo duka lilikuwa limeshauzwa. Na likiuzwa, Dada Kopi angebaki nani? Mwanamke wa makamo, hana mume, hana cheti, ujuzi wake ni kubonyeza kitufe cha kijani. Alikuwa ameingia dukani kama msaidizi wa likizo, na likizo haikuisha. Duka lile ndilo lililokuwa maisha yake, na alikuwa tayari kumng'oa mtu macho kwa ajili yake.

Akaanza upelelezi. Alikwenda kumjulia hali mtoto wa Wino aliyekuwa na homa, akabeba na machungwa, na wifi yake alipokwenda jikoni akainua godoro.

"Wifi, unatafuta nini?" Wifi alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya maji.

"Kiatu changu."

"Umevaa vyote viwili, wifi."

Akayanywa yale maji kwa aibu. Njiani lakini aibu ikageuka. Kwa nini wifi alirudi haraka vile? Maji hayachotwi upesi namna hiyo na mtu asiye na la kuficha.

Wakili aliyemtafuta alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, aliyependa kutafuna karanga akifikiri. Ofisi yake ilikuwa na viti viwili na mafaili yaliyoegemezana ukutani. Dada Kopi alimwekea nakala mezani kwa kishindo cha mtu anayekula kete ya mwisho.

"Hii ni nakala," alisema wakili.

"Ndiyo, tena safi."

"Safi ya wapi? Mahakama haipendi nakala, dada. Inataka karatasi yenyewe, ile iliyoguswa na kalamu ya marehemu."

Dada Kopi alihisi ametukanwa yeye na ukoo wake. Maisha yake yote ameuza nakala kwa wasomi, kwa wachungaji, kwa mahakimu wenyewe, leo anaambiwa si karatasi! Wakili akamtuliza kwa karanga. Mlango upo, akasema, ila ni mwembamba. Nakala inaweza kupokelewa kama halisi imepotea au imeharibiwa, au kama iko mikononi mwa mpinzani naye ameandikiwa notisi ailete akakataa. Tena lazima apatikane mtu wa kusimama na kusema: nakala hii niliitoa mimi kwenye halisi, au niliilinganisha nayo, ni sawa.

"Na jambo moja zaidi. Wosia ukitoweka kwenye sanduku la aliyeuandika, wenzetu watasema aliuchana mwenyewe. Alibadili mawazo. Hapo nakala yako inakuwa nakala ya kitu kilichokufa."

"Baba hakuuchana. Ameuchukua Wino."

"Una uhakika?"

"Ndiye aliyekuwa anasimama kwenye mashine siku zile. Aliitoa nakala, akaisoma, akajua hapati kitu, akangoja Baba afe akaiba. Iko wapi shida?"

Wakili alitafuna kwa muda. Kisha akaishika ile nakala dhidi ya mwanga wa dirisha. "Hii mbona haina hata alama? Ndiyo ile uliyoikuta kwenye faili?"

Hapo Dada Kopi akajivuna kidogo. Hapana, ile ya faili ilikuwa salama ndani ya bahasha iliyobandikwa gundi, na kushonwa nyuzi juu yake. Hii alikuwa ameitoa kwenye ile, tena kwa kile kitufe kinachofuta kingo, ikatoka nyeupe kama sahani. Halisi ilale, nakala itembee.

"Nakala ya nakala haitufai kitu," alisema wakili. "Niletee bahasha."

Aliileta, akaikabidhi, akaondoka akigeuka nyuma. Juma lililofuata alimwona wakili wake kwenye kantini ya mahakama anacheka na wakili wa Wino, wamekalia benchi moja, wanachangia karanga zile zile! Usingizi ukamruka. Akampigia simu kumuuliza kama bahasha bado anayo. Akapiga tena jioni.

Notisi ikapelekwa kwa Wino: leta wosia halisi. Jibu likaja kwamba hajawahi kuushika na hajui uko wapi. Jibu la mwizi hilo, alisema Dada Kopi. Asiye mwizi angekuwa amekuja mwenyewe, amefoka, amevunja kitu. Wala hakuona ajabu kwamba hata kama Wino angekuja kufoka, hilo pia angelihesabu wizi.

Akabaki na Mama. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu msiba yalikuwa yamepungua zaidi. Dada Kopi aliingia jikoni jioni moja baada ya kutoka kuapa kiapo chake cha maandishi, akamkuta amesimama juu ya sufuria ya maziwa, mkono mmoja umeshika kifuniko, amekiinua nusu, anachungulia. Ndiyo ilikuwa tabia yake kwa kila chenye kifuniko. Hakuwahi kufunika kitu akakiacha kimefunikwa.

"Mama, siku ya msiba Wino aliingia chumbani kwako?"

"Watu wote waliingia. Msiba una mlango?"

"Peke yake, nauliza."

"Usimsingizie mwenzio."

Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake, usimsingizie mwenzio, asubuhi na jioni, kama dawa. Dada Kopi alikuwa ameshaanza kuihesabu. Mtu asiyejua kitu angesema sijui. Mama alisema usimsingizie. Basi anajua. Na kama anajua na hasemi, anamficha nani kama si kitinda mimba wake? Ufunguo wa sanduku ulikuwa unalala chini ya mto wa nani?

"Nimeshaapa leo," alisema kwa ukali. "Nimeandika kwamba ni yeye."

Mama hakugeuka. "Umeapa?"

"Kwa mkono juu."

"Kwamba mdogo wako ni mwizi?"

"Ndiyo."

Maziwa yakapanda, Mama akayapuliza, yakashuka. "Na mwizi wa wosia wanamfanya nini?"

"Atajua mwenyewe na serikali."

Mama akainua kifuniko kidogo zaidi, akachungulia. Wakili alipouliza baadaye kama mama naye awe shahidi, Dada Kopi alikataa katakata. "Mama atasema lolote ili kumwokoa Wino. Mwache."

Siku ya kesi Mama alivaa viatu vyake vya kutokea, akaja bila kuitwa. Chumba cha mahakama kilikuwa na feni inayozunguka kwa kusitasita na mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya watu wenye mashaka. Alikaa benchi la nyuma kabisa, mkoba mapajani. Wino alikuwa mbele na mkewe. Dada Kopi alipopita kwenda kizimbani aliwaangalia wote watatu kama mtu anayehesabu kuku wake na kuona mmoja si wake.

Hakimu alikuwa mama wa umri wa Dada Kopi, miwani imeteleza puani, na kila kitu alikiandika mwenyewe kwa mkono. Mambo yalianza vizuri. Wakili wake alimwongoza pole pole: duka, sheria ya Baba, faili la kijani, sanduku, notisi. Kisha akainuka wakili wa Wino, mwanamume mrefu ambaye viatu vyake vilikuwa vinalia kila akipiga hatua, na ni dhahiri alikuwa anavipenda kwa hilo.

"Mheshimiwa, naomba shahidi apewe hiyo nakala. Shahidi, hii ndiyo uliyoikuta kwenye faili?"

Karani akamletea. Ndiyo, ndiyo hiyo, mkunjo wa katikati aliukumbuka.

"Ioneshe mahakama upande wa kulia na chini. Unaona nini?"

Ukingo mweusi. Upana wa vidole viwili, mweusi tititi, unapanda upande wa kulia na kufifia juu.

"Unaona nini, shahidi?"

"Weusi."

"Weusi. Mheshimiwa, mimi nasema karatasi hii imeungwa. Mtu amechukua sahihi ya marehemu kutoka kwingine, akaiweka juu ya maandishi yake, na kivuli cha kiungo hicho ndio weusi huo. Lakini tumpe nafasi shahidi, maana yeye ni fundi wa kazi hiyo. Wewe umeapa kwamba nakala hii aliitoa mdogo wako. Ndivyo?"

Dada Kopi akapitisha kidole kwenye ule ukingo. Alikuwa ameinamia karatasi.

Hapakuwa na kiungo chochote. Weusi ule aliujua tangu utotoni. Unatoka pale mashine inapomulika na kifuniko hakijafunikwa, mwanga unakwenda hewani, mashine inachapa hewa kuwa giza. Wino hakuwahi kutoa nakala namna hiyo hata siku moja. Wino alikuwa anabamiza kifuniko mpaka kioo kinalia. Aliyekuwa anatoa kopi zenye ukingo mweusi alikuwa mmoja tu, na Wino mwenyewe enzi hizo alikuwa anamlalamikia, "Mama, funika! Unakula wino wote!" Naye alikuwa amesimama pale pale, mkono mmoja umeshika kifuniko, amekiinua nusu, anachungulia kama anayeogopa maziwa yatafurika. Mwishowe Baba akasema wateja wanachukia kopi chafu, akamrudisha jikoni moja kwa moja.

Weusi huu Dada Kopi alikuwa ameufuta mwenyewe. Kwa kujivunia kazi yake alikuwa ameibonyeza ile mashine ifute kingo, akazunguka na nakala nyeupe huku akitafuta mwizi chini ya magodoro ya watu.

Akainua macho, hakumtazama Mama. Alimtazama Wino. Na Wino, ambaye alikuwa amejinyoosha kuona karatasi, alikuwa ameona. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu msiba walitazamana kama watoto wa nyumba moja waliovunja kitu, kila mmoja anangoja kuona mwenzie atasema nini.

"Shahidi, nakala hii aliitoa nani?"

Angesema ni Wino, kiapo kingesimama, na labda kesi ingesimama. Angesema ukweli, wangemgeukia Mama, wangemuuliza ufunguo wa sanduku ulilala chini ya mto wa nani. Alikuwa anaogopa, na zaidi ya kuogopa aliona haya, haya ya kumwona kila mtu mwongo isipokuwa yeye.

"Sijui," alisema.

Viatu vikalia. "Kwenye kiapo ulijua."

"Nilikosea."

"Na halisi? Ni nani aliyeichukua?"

"Sijui."

"Basi huwezi kuiambia mahakama kwamba marehemu hakuichana kwa mkono wake?"

"Siwezi."

Wakili wake aliinamisha kichwa. Hakimu akaandika, na kwa kila neno lililoandikwa Dada Kopi aliona kitu kinabebwa kutoka dukani: mashine, kabati, kile kiti alichosimamia. Wakili wa Wino alikuwa anatabasamu. Mteja wake hakutabasamu, alikuwa amekamata benchi kwa mikono miwili.

"Hakuichana."

Sauti ilitoka nyuma. Mama alikuwa amesimama, mkoba ameukumbatia.

"Mama, keti," alisema Hakimu. "Hapa hatuzungumzi bila kuitwa."

"Basi niiteni. Nimekaa hapa tangu asubuhi watoto wangu wanaitana wezi, sasa huyu naye anajifanya mjinga kwa ajili yangu. Mimi si ndiye mama yao? Niiteni."

Wino aliinuka nusu. "Mama, acha. Mama, kaa chini."

Dada Kopi alitaka kusema hivyo hivyo. Mawakili walibishana kidogo, yule wa karanga akawa wa kwanza kuinuka, akaomba shahidi huyu apokelewe. Hakimu aliwasikiliza wote, akavua miwani, akamtazama bibi yule, akairudisha.

Dada Kopi aliteremka kwenda benchini, karani akampandisha Mama kizimbani. "Jina lako?"

"Mama yake huyu. Na yule."

"Jina lako wewe, mama."

Akalitaja chini chini. Karani akamwomba arudie. Akarudia, na Dada Kopi akagundua kwamba hakumbuki mara ya mwisho kulisikia. Wateja walimwita Mama wa Kopi. Baba alimwita Wewe.

Wakili wa Dada Kopi hakuwa na swali lolote lililoandaliwa, basi akauliza lile ambalo sheria ilikuwa inalitaka. "Nakala hii aliitoa nani?"

"Mimi. Baba yao alinijia jikoni mchana, watoto hawapo. Akaniambia njoo unitolee kopi moja, mkono wangu unatetemeka. Akaenda kukaa kule nje na gazeti. Alijua sitasoma. Miaka yote hatusomi karatasi za watu, imeandikwa ukutani."

"Uliitoa kwenye nini?"

"Kwenye halisi. Wino wa kalamu yake ulikuwa haujakauka vizuri."

"Na halisi iko wapi?"

Hakimu aliinua mkono. Akamweleza Mama, kwa upole na polepole, kwamba kuharibu wosia ni kosa, na halazimiki kujibu swali linaloweza kumtia hatiani. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Niliichoma. Siku ya pili ya msiba, kwenye jiko la nje. Nilikuwa nachemsha chai ya waombolezaji. Mlikunywa wote, na hawa mawakili nadhani mmoja alikuwepo."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akajikohoza. Wino alikuwa ameficha uso mikononi.

"Marehemu alijua?"

"Marehemu alikuwa ameshazikwa. Hakubadili mawazo kamwe yule, mnamfahamu. Alilosema ndilo."

Wakili wa Wino akasimama ghafla, viatu vikalia mara moja tu. "Mheshimiwa, hii ni hadithi ya mama anayembeba binti yake. Kama kweli alikuwa anaharibu ushahidi, mbona aliiacha nakala? Mama, ulichoma halisi, ukaacha nakala kwenye faili? Kwa nini?"

Mama aliliwaza swali hilo kwa dhati, kama aliyeulizwa na mteja.

"Nakala huwa inaondoka na mwenyewe," alisema. "Mtu anakuja na karatasi yake, unamtolea, anaondoka na zote mbili. Haijawahi kubaki dukani. Sikukumbuka kabisa kwamba safari hii wenye karatasi tulikuwa sisi."

Dada Kopi akafumba macho. Uongo wa namna hiyo hautungiki. Mtu ambaye hajasimama kwenye mashine ile asingeweza hata kukosea hivyo.

Wakili wake mwenyewe alibakiwa na swali moja, lile la mwisho la mlango mwembamba. Aliliuliza kwa sauti ndogo. "Mama, unaweza kuiambia mahakama kwamba nakala hii ni sawa na halisi? Ulizilinganisha?"

"Nilizisoma zote mbili. Mstari kwa mstari, pale pale kwenye mashine, kisha tena. Halisi nikairudia usiku ule wa kuichoma."

"Lakini mlikuwa hamsomi karatasi za watu."

"Hiyo niliisoma." Mama aliupapasa mkoba wake. "Mashine ya kwanza ilinunuliwa kwa cherehani yangu, mheshimiwa. Niliiuza mimi, kwa mikono yangu, nilikuwa mshonaji. Nikaona nyumba, duka, mashine zote mbili, makabati. Halafu mama yake. Atamtunza mama yake. Nikadhani labda mashine imeruka mstari, nikasoma na halisi. Nilikuwa natafuta jina langu."

Kalamu ya Hakimu ilisimama. Feni ikazunguka, ikasita, ikazunguka. Dada Kopi alikuwa anaujua wosia ule kwa moyo, alikuwa anausema kama sala asubuhi akifungua kufuli, naye hajawahi kusikia chochote kilichokosekana ndani yake.

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba mahakama imeridhika: halisi iliharibiwa baada ya kifo cha mwenye wosia wala si kwa mkono wake, na aliyetoa nakala ameithibitisha. Nakala inapokelewa. Lile la kuchoma lingeangaliwa siku yake. Karani akaipiga muhuri, akaiandika namba ya kielelezo juu ya ule ukingo mweusi, kwa wino mweupe wa kusahihishia maana wino wa kalamu usingeonekana pale. Wakili akamgusa Dada Kopi bega, akimpongeza bila sauti. Alichokuwa anakitaka tangu msiba kilikuwa pale mezani, halali, chenye muhuri. Hakukitazama. Alikuwa anaondoka kwenye benchi lake, anapita mbele ya Wino, na Wino naye ameinuka, wote wawili wanakwenda upande ule ule.

Mama alikuwa bado kizimbani. Karani alikuwa amemwekea maelezo yake mbele na kalamu juu.

"Hapa, mama. Jina lako lote, kisha sahihi."

Mama akaweka mkoba chini. Akaishika kalamu, akalitazama lile pengo tupu kwenye karatasi, akaanza kuandika, herufi moja moja, kwa mwandiko mkubwa wa mtu wa zamani. Lilikuwa jina refu. Watoto wake walisimama pembeni wakangoja, na hakuna aliyemharakisha.